Kitufe Kipo, Zana Inasema Hakipo

Ripoti ya majaribio ya usiku inasema kitufe cha Hifadhi hakikupatikana. Chini ya maneno hayo zana imebandika picha ya skrini iliyopigwa sekunde ileile, na kwenye picha kitufe cha Hifadhi kinaonekana wazi, palepale kinapokaa siku zote, hakijafifia wala hakijafunikwa na dirisha jingine. Asubuhi mjaribu anaiendesha skripti upya, inapita. Anairudia, inapita. Usiku wa pili inaanguka tena, safari hii hatua tatu mbele, kwenye kisanduku cha kuandikia kiasi cha fedha.

Wanaojaribu programu kwa zana za kiotomatiki wanaujua mkasa huu, na wengi wana dawa moja wanayoikimbilia: kuongeza sekunde kumi za kusubiri, au kuiambia skripti ijaribu mara tatu kabla ya kutangaza kosa. Ripoti inarudi kuwa ya kijani na kazi inaendelea. Sioni tabia inayoyadhoofisha majaribio kuliko hiyo, kwa sababu inafuta ushahidi kabla haujasomwa. Zana haina kigeugeu. Ikitambua leo na kushindwa kesho, kuna kitu kilichobadilika hapo katikati, na mara nyingi badiliko hilo limeandikwa mahali ambapo mtu anaweza kulisoma, mradi ajue pa kutazama.

Pa kuanzia ni kujua zana inaonaje. Ukiacha zile zinazolinganisha picha, zana ya majaribio haitazami skrini hata kidogo, inauliza. Katika kivinjari inauliza muundo wa ukurasa. Kwenye simu ya Android inauliza huduma za ufikivu. Kwenye Windows inauliza mfumo endeshi, tena kupitia njia zilizowekwa kwanza kwa ajili ya watu wenye ulemavu: Microsoft ilitoa Active Accessibility mwaka 1997 ili visoma skrini viweze kumtajia mtu asiyeona vitu vilivyo mbele yake, kisha ikaja UI Automation wakati wa Windows Vista, na watengenezaji wa zana za majaribio wakazitumia njia hizohizo. Jibu linalorudi si umbo wala rangi. Ni orodha ya sifa: kitu hiki ni cha aina gani, kinaitwaje, kina namba gani, kimo ndani ya kitu gani.

Wakati wa kurekodi, zana huchagua baadhi ya sifa hizo na kuziweka kama maelezo ya kitu. Wakati wa kuendesha, hutafuta kitu chenye sifa hizo. Kikipatikana kimoja tu, kimetambuliwa. Kisipopatikana chochote, au vikipatikana viwili, ndipo taabu inapoanza. Mtu akikuelekeza nyumba kwa kusema ni ile yenye pikipiki mlangoni, utaifikia ukienda saa ambayo pikipiki ipo. Jioni utapita mbele yake mara mbili na kurudi ulikotoka. Nyumba haikuhama. Maelezo ndiyo yaliyochukua kitu cha saa ile yakakifanya alama ya kudumu.

Tuitazame programu ya mezani iliyoandikwa kwa Windows Forms, aina ambayo bado ipo katika ofisi nyingi za uhasibu, maduka ya dawa na bohari. Ukikichunguza kitufe chake cha Hifadhi kwa Inspect, programu ndogo inayokuja na Windows SDK, utakuta jina la tabaka linalofanana na hili: WindowsForms10.BUTTON.app.0.141b42a_r6_ad1. Sehemu ya mbele inaeleweka, inasema hiki ni kitufe cha Windows Forms. Mkia unaofuata baada ya app.0 haukuandikwa na msanidi yeyote. .NET yenyewe huutunga programu inapowaka, na hakuna dhamana kwamba utabaki vilevile kwenye kompyuta nyingine au toleo jingine. Kitufe hicho kina pia namba ya dirisha, ambayo Windows huitoa upya kila programu inapofunguliwa. Tena kina namba ya kidhibiti. Katika programu za zamani za Windows namba hii iliwekwa na msanidi na ikadumu miaka na miaka. Katika Windows Forms hutokana na namba ileile ya dirisha, kwa hiyo nayo haikai.

Sasa fikiria zana iliyohifadhi jina zima la tabaka pamoja na namba ya kidhibiti. Itakitambua kitufe bila kukosea muda wote programu ikiwa haijafungwa. Mjaribu aliyerekodi saa nne asubuhi ataiendesha skripti mara kumi mpaka jioni dhidi ya dirisha lilelile, nayo itapita mara zote kumi. Usiku ratiba inaifungua programu upya, namba zinatolewa nyingine, na ripoti inasema kitufe hakipo. Hapo mtu hulaumu kasi ya seva, au mtandao, na kuongeza sekunde za kusubiri ambazo haziwezi kusaidia, maana hata ukisubiri mpaka asubuhi, namba ya jana hairudi.

Kitufe hichohicho kina sifa moja isiyotikisika: jina ambalo msanidi alikipa ndani ya Visual Studio, tuseme btnHifadhi. Windows Forms hulitoa jina hilo kwa anayeliuliza kwa ujumbe uitwao WM_GETCONTROLNAME, na kwa kawaida ndilo utakaloliona kwenye UI Automation kama AutomationId. Ukiyajenga maelezo juu ya jina hilo na aina ya kitu, ukaacha mkia wa tabaka na namba zote, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha. Kama lazima utumie tabaka, zana nyingi zinakubali ulinganishe mwanzo wake tu, WindowsForms10.BUTTON, na kuuacha mkia huru.

Programu za Visual Basic 6 zina lao, linalofanana na hilo. Kisanduku cha maandishi kikiendeshwa ndani ya Visual Basic huitwa ThunderTextBox. Programu ikishafungashwa na kupelekwa kwa mtumiaji, kisanduku kilekile huitwa ThunderRT6TextBox. Skripti iliyorekodiwa kwenye meza ya msanidi itapotea njia kwenye meza ya mjaribu, na wawili hao wanaweza kubishana wiki nzima, kila mmoja akisema kweli.

Kuna jambo ambalo naliona la hatari kuliko zana kushindwa kutambua, nalo ni zana kutambua kitu kisicho chenyewe na kuendelea kimyakimya. QuickTest Professional ya Mercury Interactive, kampuni iliyonunuliwa na HP mwaka 2006, zana ambayo baadaye iliitwa UFT na leo iko mikononi mwa OpenText, ilijengewa misaada miwili ya kuokoa hali pale sifa za kawaida zisipotosha. Msaada wa kwanza ni namba ya mpangilio: zana inakumbuka kwamba kitufe hiki kilikuwa cha kwanza au cha pili kati ya vinavyofanana. Wa pili unaitwa Smart Identification. Maelezo yaliyohifadhiwa yasipopata kitu kimoja, zana huyaweka kando, huanza na sifa chache za msingi, kisha huchuja kwa nyingine moja baada ya nyingine mpaka kibaki kimoja. Ikifanikiwa, hatua inahesabiwa imepita, na kwenye ripoti linawekwa onyo, si kosa.

Msaada huo una gharama yake. Chukua fomu yenye vitufe viwili vyenye maandishi Hifadhi, kimoja cha taarifa za mteja na kingine cha anwani yake. Skripti inakijua cha mteja kama cha kwanza. Wiki ijayo msanidi anaongeza juu ya vitufe hivyo sehemu ya picha ya mteja, nayo ina Hifadhi yake. Skripti inabofya cha kwanza kama ilivyoagizwa, hakuna kosa, na taarifa za mteja hazijahifadhiwa. Kama hatua za mbele hazikagui kwamba mteja kweli ameingia kwenye hifadhidata, jaribio linatoa cheti cha afya kwa programu ambayo halikuigusa. Na pale vitufe vinapochorwa kwa mpangilio unaotegemea haki za mtumiaji, mjaribu aliyeingia kama msimamizi anapata matokeo tofauti na aliyeingia kama karani, kwa skripti ileile na toleo lilelile.

Kwa hiyo ninapotafuta chanzo cha utambuzi unaoyumba, jambo la kwanza ni kuizima misaada hii. UFT inaruhusu Smart Identification kuzimwa kwa jaribio zima. Ukishaizima, kosa lililokuwa likija na kwenda huanza kuja kila mara, na kosa linalokuja kila mara linachunguzika. Mtindo wa Playwright, zana ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020, naupenda kwa sababu hiyo: ukiiambia ibofye kitu na maelezo yakaangukia vitu viwili, inakataa na kukuonyesha vyote viwili. Selenium hukupa cha kwanza ilichokikuta na kuendelea.

Yapo pia mambo ambayo zana haiyaoni kabisa, au inayaona kwa masharti, na sharti lenyewe ndilo linaloleta kuyumba. Katika Delphi, TLabel na TSpeedButton havina dirisha lavyo vyenyewe. Fomu inayovibeba ndiyo inayovichora, na kwa Windows havipo. Skrini inayopitia Citrix huifikia kompyuta yako kama picha tupu. Flutter huchora kila kitu yenyewe, na vitu vyake huonekana kwa nje pale tu mti wake wa semantiki unapowashwa. Kwenye kurasa za wavuti zilizotengenezwa kwa Flutter, mti huo haujawashwa tangu mwanzo. Hapa hakuna ujanja wa skripti utakaosaidia mpaka msanidi ashirikishwe.

Java ni hadithi inayostahili kuelezwa polepole kidogo. Programu ya Swing huchorwa yote na Java ndani ya dirisha moja, na zana ya nje hupitia Java Access Bridge ili kujua ndani kuna nini. Daraja hilo limekuja pamoja na Java tangu toleo la 7 lilipopata sasisho la 6, lakini huja likiwa limefungwa. Huwashwa kwa amri jabswitch -enable. Amri hiyo huandika faili dogo katika folda ya mtumiaji aliyeitoa. Folda ya mtumiaji, si ya kompyuta. Mjaribu akiwasha daraja kwa akaunti yake, kisha ratiba ya usiku ikaendesha majaribio kwenye kompyuta ileile kwa akaunti ya huduma, usiku zana itaona dirisha moja kubwa lisilo na kitu ndani. Nimeona watu wakisakinisha Java upya kwa ajili ya hili, wakati faili lililokosekana lina mistari michache tu.

Chrome nayo ina tabia inayochanganya wengi wanaotumia zana za mezani. Ili kuokoa kumbukumbu na kasi, haitengenezi mti wa ufikivu wa kurasa mpaka itambue kwamba kuna programu inayouhitaji. Zana ikiuliza mara ya kwanza, inakuta ukurasa mtupu. Swali lenyewe linaiamsha Chrome, mti unajengwa, na ukiuliza mara ya pili kila kitu kipo. Programu zilizojengwa kwa Electron zimerithi mwenendo huo. Anayejaribu mara tatu ataona dawa imefanya kazi na hatajua kwa nini. Anayejua ataifungua Chrome kwa kuiongezea --force-renderer-accessibility, na mti utakuwepo tangu mwanzo.

Halafu kuna mazingira ya Windows yenyewe, ambayo yamewapotezea watu siku nyingi za kazi. Tangu Vista, mchakato wenye haki ndogo hauruhusiwi kutuma ujumbe kwa mchakato wenye haki kubwa. Programu ikifunguliwa kwa haki za msimamizi na zana ikafunguliwa kwa haki za kawaida, zana itaiona fremu ya dirisha na kidogo sana zaidi ya hapo. Kesho yake mtu akifungua vyote viwili kwa haki sawa, kila kitu kinatambulika, na hakuna anayekumbuka kwamba jana alibofya kulia na leo amebofya kushoto. Kwa UFT kuna sharti jingine: zana na viongezi vyake vifunguliwe kabla ya programu inayojaribiwa, la sivyo vitu vya teknolojia husika vinaweza kuonekana kama madirisha yasiyo na jina.

Majaribio yanayoanguka usiku tu yaulizwe kwanza kuhusu kompyuta ya mbali. Mtu akiingia kwenye mashine ya majaribio kwa Remote Desktop, akaanzisha kazi, kisha akafunga dirisha na kwenda nyumbani, kikao kinakatika na Windows haichori tena skrini ya kikao hicho. Baadhi ya vitu bado vitajibu vikiulizwa sifa zao, lakini kubofya kwa kipanya na kulinganisha picha havina pa kufanyikia. Hata kulipunguza dirisha hilo kwenye upau wa chini kunaweza kuleta matokeo hayo. Ndiyo sababu matokeo hubadilika kulingana na nani alikuwa ofisini, jambo linalowafanya watu waamini kwamba mashine ina wenyewe.

Kwenye wavuti, ugonjwa mkuu ni vitambulisho vinavyotungwa na mfumo. Chukua ukurasa wa malipo uliotengenezwa kwa JSF. Msanidi amekipa kisanduku cha kiasi kitambulisho kizuri, txtKiasi. Mjaribu anachunguza ukurasa na kukuta j_idt43:txtKiasi, ananakili, skripti inapita kwa miezi. Siku moja inaanguka. Ukurasa unaonekana vilevile, kisanduku kipo, lakini sasa kinaitwa j_idt45:txtKiasi.

Kilichotokea ni hiki. Katika JSF, fomu huongeza kitambulisho chake mbele ya vitambulisho vya vitu vilivyomo. Fomu hii haikupewa kitambulisho, kwa hiyo mfumo uliitungia kimoja kwa kuhesabu vitu visivyo na majina tangu juu ya ukurasa. Toleo jipya lilileta tangazo juu ya ukurasa, vitu viwili visivyo na majina, na hesabu ikasogea kwa mbili. Tangazo likionyeshwa kwa watumiaji wa kundi fulani tu kwa namna inayobadili muundo wa ukurasa, hesabu itasogea kwa baadhi ya watu na si kwa wengine, na hapo ndipo tunaposikia kwamba zana leo inakubali na kesho inakataa. Tiba inakaa mahali pamoja: fomu ipewe kitambulisho, tuseme frmMalipo, na kuanzia hapo kisanduku kitaitwa frmMalipo:txtKiasi hata ukurasa ukiongezewa matangazo kumi. Wakati msanidi hajafanya hivyo, skripti inaweza kutafuta kitambulisho kinachoishia na :txtKiasi, na itavumilia.

Mifumo mingine ina namna zake za kufanya hayohayo. Angular Material huhesabu visanduku vyake mat-input-0, mat-input-1 kwa kadiri vinavyozaliwa. React tangu toleo la 18 ina kifaa cha kutunga vitambulisho, ambavyo katika toleo hilo vilikuwa na sura kama :r1:. Majina ya mitindo yanayotungwa wakati wa kufungasha hubadilika mitindo yenyewe inapoguswa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitambulisho chenye namba kisichoeleza kazi ya kitu kishukiwe mpaka kithibitishwe. Na njia ndefu ya XPath inayoanzia juu ya ukurasa, div ya tatu, ndani yake div ya pili, jedwali, safu ya nne, ni namba ya mpangilio iliyorudiwa mara kadhaa. Kila hatua yake ni mahali pa kuvunjika. Vitu vilivyomo ndani ya fremu au ndani ya Shadow DOM havifikiwi kwa XPath ya ukurasa wa nje hata ikiandikwa vizuri namna gani. Inabidi uingie kwanza.

Suala la muda ni la kweli, na sitaki kulipuuza kwa sababu tu linasingiziwa mara nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliosoma marekebisho 201 ya majaribio yanayoyumba katika miradi 51 ya Apache, kazi waliyoichapisha mwaka 2014, walikuta chanzo kikubwa kuliko vyote ni kutosubiri ipasavyo jambo linalofanyika kwa wakati wake, asilimia 45 hivi. Google ilieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiasi fulani cha kuyumba, na kwamba kati ya mara zote jaribio lilipobadilika kutoka kupita kwenda kuanguka, asilimia 84 zilihusisha jaribio linaloyumba. Takwimu hizo zinahusu majaribio ya kila aina, si ya skrini peke yake.

Katika Selenium kosa la muda lina sura inayojulikana, StaleElementReferenceException. Skripti imekipata kitufe, imekishika, kisha jibu la seva limefika na ukurasa umechora orodha upya. Kitufe kipya kinafanana na cha zamani kwa kila kitu, lakini kile ambacho skripti imekishika kimeshaondolewa. Kulala sekunde tano kabla ya kubofya kutaficha tatizo siku seva ikiwa na kasi. Kinachofaa ni kusubiri dalili yenyewe: alama ya kupakia imeondoka, idadi ya safu imefika, kitufe kimekuwa tayari kubofywa, kisha kukitafuta upya papo hapo. Na mtu asichanganye kusubiri kwa jumla na kusubiri kwa sharti katika skripti moja. Waandishi wa Selenium wenyewe wanaonya kwamba ukiweka sekunde 10 kwa la kwanza na 15 kwa la pili, unaweza kujikuta umesubiri 20.

Utajuaje kama shida ni muda au maelezo? Usibahatishe. Iambie skripti kwamba ikishindwa kukipata kitu, kabla ya kufunga chochote, ihifadhi mti mzima wa ukurasa au wa dirisha kama ulivyo dakika hiyo, si picha peke yake. Picha inaonyesha alichoona binadamu. Mti unaonyesha ilichoambiwa zana. Kisha chukua mti wa mara ilipopita, iweke yote miwili pamoja, na ukitafute kitu chako katika yote. Kama hakimo kabisa kwenye mti wa kushindwa, hakijafika au hakionekani kwa zana, na hapo uulize habari za muda, haki, daraja na kikao. Kama kimo, soma sifa zake moja moja ukilinganisha na za mti mwingine. Ile iliyotofautiana ndiyo iliyoiangusha skripti, na hiyo ndiyo inayotakiwa kutoka kwenye maelezo. Kama vimo viwili, umepata jibu la aina nyingine. Kazi hii huchukua muda mfupi kuliko wiki ya kubadilisha sekunde za kusubiri, na jibu lake unaweza kumwonyesha mtu mwingine.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sifa moja inayotudanganya sana, nayo ni maandishi ya kitufe. Programu nyingi za huduma za fedha na za serikali zina Kiswahili na Kiingereza. Skripti inayotafuta kitu kwa neno Hifadhi itafaulu kwa akaunti iliyochagua Kiswahili na kuanguka kwa iliyobaki na Kiingereza, au simu iliyorudishwa mipangilio yake ya kiwandani. Miongozo ya Microsoft inasema AutomationId inatarajiwa kuwa ileile katika lugha zote za programu, na huo ni mgawanyo mzuri: jina la utambuzi lisitafsiriwe, jina la kumsomea mtumiaji litafsiriwe.

Jina hilo la utambuzi hutoka kwa msanidi, na maombi kwake yawe mafupi na yenye ushahidi. "Skripti zenu zinasumbua" haimsaidii. "Fomu ya malipo haina kitambulisho, kisanduku cha kiasi kilikuwa j_idt43:txtKiasi toleo lililopita na sasa ni j_idt45:txtKiasi, tunaomba fomu iitwe frmMalipo" ni kazi ya dakika mbili ambayo hakuna atakayeibishia. Kwenye wavuti kuna desturi ya kuweka sifa ya pekee kwa majaribio, data-testid, isiyoguswa na mitindo wala lugha. Kwenye iOS kuna accessibilityIdentifier. Kwenye Android kuna resource-id.

Kwenye Android, hata hivyo, nimeona timu zikiweka majina ya majaribio ndani ya content-desc kwa sababu ni rahisi kuifikia, na hilo naliomba likomeshwe. Sifa hiyo ndiyo inayosomwa kwa sauti na TalkBack. Mtu asiyeona anayetaka kutuma pesa anagusa kitufe na kusikia btn_tuma_01, kwa kuwa sisi tulitaka skripti ipite. Jina la majaribio likae kwenye resource-id, na content-desc ibebe neno la lugha aliyoichagua mtumiaji. Skripti ikishakipata kitufe kwa resource-id, inaweza palepale kuisoma content-desc yake na kuandika kosa kama iko tupu au kama simu iko kwenye Kiswahili na neno limekuja la Kiingereza.